KUFULI BOVU, MLINZI KASINZIA!

Kijana wa mjini, wewe kinyozi, mchomelea vyuma, muuza juisi baridi: riziki yako inaning'inia kwenye waya wa umeme. Basi nisikilize.

Siku hizi mitambo ya umeme huongozwa kwa kompyuta kutoka mbali. Mlangoni pa kompyuta hizo huwekwa mlinzi aitwaye faiawoli. Kazi yake ni kuchuja nani aingie, nani abaki nje. Mlinzi akiugua, nyumba haina mwenyewe.

Unadhani hadithi? Machi 5, 2019, huko Marekani, mtu asiyejulikana alichokonoa tundu katika faiawoli za sPower, kampuni ya Utah yenye mitambo ya upepo na jua. Faiawoli zikawa zinajizima na kujiwasha zenyewe, kwa muda wa saa 10 hivi. Kila zilipozima, waongozaji walipoteza mawasiliano na mitambo yao kwa dakika zisizofika 5. Umeme haukukatika. Bahati yao!

Sasa sikia kichekesho. Dawa ya tundu lile mtengenezaji alikwishaitoa kabla. Haikuwa imewekwa! Mwizi hakuvunja mlango, alikuta kufuli bovu na kufuli jipya liko dukani.

Tena NERC, chombo kinachosimamia uimara wa gridi ya huko, kilipotoa ripoti Septemba 2019, jina la kampuni hakikulitaja. Waandishi wa habari wakadai nyaraka za serikali kwa nguvu ya sheria, jina likaanikwa juani mwaka huohuo.

Turudi kwetu. Gridi ya Taifa nayo inaongozwa kwa kompyuta. Sisemi imeingiliwa. Nauliza: nani anakagua faiawoli zake? Viraka vikitoka, vinawekwa baada ya siku ngapi? Visipowekwa, kigogo gani anawajibika?

Watakuambia ni siri ya dola. Danganya toto! Hakuna anayeomba namba za siri. Tunataka jina la mwenye dhamana na tarehe ya ukaguzi wa mwisho. Sheria ya haki ya kupata taarifa tunayo tangu 2016, haikutungwa ipambe kabati.

Kijana, acha kulaani giza kijiweni. Andika barua, mpelekee mbunge wako, udai jibu kwa maandishi. Akikucheka, nawe mcheke siku ya kura.