Mfanyakazi, Kodi ya Mshahara Wako Imekokotolewa Ipasavyo?

Na Mwandishi Wetu

Mei Mosi 2021, jijini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan aliwatangazia wafanyakazi kuwa kiwango cha chini cha kodi ya mshahara kingeshuka kutoka asilimia 9 hadi 8. Punguzo hilo lilianza Julai mwaka huo. Hata hivyo, nafuu iliyowekwa na sheria humfikia mfanyakazi pale tu hesabu inapofanywa kwa usahihi katika hati yake ya mshahara.

Kwa viwango hivyo vya Tanzania Bara, mapato ya mwezi yasiyozidi Sh 270,000 hayatozwi kodi. Kinachozidi hapo hadi Sh 520,000 hutozwa asilimia 8. Kisha hadi Sh 760,000 asilimia 20. Hadi Sh 1,000,000 asilimia 25. Na kinachovuka hapo asilimia 30. Kila kiwango hugusa sehemu yake tu, si mshahara mzima. Kwa hiyo, hofu kwamba nyongeza ndogo itamvusha mtu daraja na kumwachia pungufu ya alichokuwa akipata haina msingi.

Eneo linalohitaji uangalifu zaidi ni hifadhi ya jamii. Mchango wa mfanyakazi katika NSSF au PSSSF huondolewa kwanza, ndipo kodi ikokotolewe kwa kinachobaki.

Mathalani, mfanyakazi wa sekta binafsi mwenye mshahara wa Sh 800,000 akikatwa asilimia 10 ya NSSF, hubaki na Sh 720,000 za kutozwa kodi. Sh 250,000 kwa asilimia 8 ni Sh 20,000. Sh 200,000 kwa asilimia 20 ni Sh 40,000. Jumla ya kodi ni Sh 60,000. Mwajiri akisahau kuondoa mchango huo kwanza, kodi hupanda hadi Sh 78,000. Mfanyakazi hupoteza Sh 18,000 kila mwezi, sawa na Sh 216,000 kwa mwaka.

Anayebaini tofauti ya namna hiyo aanze kwa mwajiri wake, ambaye ndiye mwenye wajibu wa kukata kodi na kuiwasilisha Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ndani ya siku 7 baada ya mwezi kumalizika. Asiporidhika, afike ofisi ya TRA iliyo karibu akiwa na namba yake ya utambulisho wa mlipakodi na hati zake za mshahara. Ndiyo maana hati hizo hazipaswi kutupwa.