Akili Unde na Matokeo ya Michezo: Takwimu Zitatoka Wapi?

Shabiki anayeiuliza programu ya akili unde matokeo ya mchezo uliomalizika nusu saa iliyopita, ikiwa programu hiyo haina njia ya kupata taarifa mpya, hukutana na moja kati ya mambo mawili. Ama programu hukiri kwamba haijui, ama hutoa jibu lenye kujiamini lakini lisilo na ukweli. Sababu ni kwamba modeli ya lugha hufundishwa kwa maandishi yaliyokusanywa hadi tarehe fulani. Mabao yanayofungwa baada ya tarehe hiyo hayamo katika kumbukumbu yake.

Ili kuziba pengo hilo, wataalamu wa programu wanatengeneza zana zinazomwezesha wakala wa akili unde kwenda mwenyewe kutafuta matokeo. Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ya Marekani ilitangaza itifaki ya wazi ijulikanayo kama MCP, inayoweka utaratibu mmoja wa kuunganisha modeli na vyanzo vya nje vya taarifa. Kwa utaratibu huo, wakala huoneshwa orodha ya zana zilizopo na maelezo ya kazi ya kila moja. Shabiki anapouliza, wakala huandaa ombi lenye jina la ligi, timu na tarehe; zana hulipeleka kwenye seva yenye kanzidata ya michezo na kurudi na majibu, ambayo wakala huyaweka katika sentensi inayosomeka.

Kwa maelezo hayo kazi inaonekana nyepesi. Ugumu uko kwenye kile kinachorudi kutoka kwenye seva.

Dabi ya Kariakoo kati ya Yanga na Simba iliyopangwa kufanyika Machi 8, 2025 iliahirishwa siku ileile ya mchezo, na hatimaye ikachezwa Juni 25, 2025, Yanga ikishinda 2-0. Zana iliyotengenezwa kwa uangalifu ingeeleza jioni ya Machi 8 kwamba mchezo umeahirishwa. Zana isiyo na nafasi ya kuandika hali ya mchezo ingeweza kurudisha 0-0, na wakala, ambaye hana namna ya kuchungulia uwanjani, angeutangazia umma sare ambayo haikuwahi kutokea.

Matokeo pia hubadilika baada ya kipenga cha mwisho. Machi 21, 2025 Afrika Kusini iliifunga Lesotho 2-0 katika mchezo wa kufuzu Kombe la Dunia 2026. Miezi sita baadaye, Septemba 2025, FIFA ilibaini kuwa Afrika Kusini ilimchezesha Teboho Mokoena aliyepaswa kutumikia adhabu ya kadi, ikaipa Lesotho ushindi wa 3-0. Habari zilizoandikwa usiku wa mchezo bado zipo mtandaoni na bado zinasema 2-0. Wakala anayeokota habari hizo atakuwa amenukuu chanzo halisi, lakini msimamo wa kundi alioutoa utakuwa na makosa. Ndiyo maana rekodi ya chombo chenye mamlaka ya mashindano haiwezi kufidiwa kwa wingi wa kurasa za habari.

Lipo pia suala la saa, ambalo watengenezaji wa ng'ambo hulisahau. Mchezo ulioandikwa saa 16:00 kwa saa za kimataifa huanza saa 1:00 usiku Afrika Mashariki. Wakala akitafsiri tarakimu bila kujua hesabu ya saa ya Kiswahili, shabiki atafika uwanjani wakati taa zimeshazimwa.

Kisheria, suala la nani anamiliki matokeo si jipya. Mwaka 1997 mahakama ya rufaa nchini Marekani, katika shauri kati ya NBA na Motorola lililohusu kifaa cha mfukoni kilichotuma matokeo ya mpira wa kikapu, iliamua kwamba alama za mchezo ni taarifa za ukweli zisizolindwa kwa hakimiliki. Hata hivyo, kuzikusanya kwa kasi na usahihi kuna gharama, na makampuni kama Sportradar na Genius Sports huuza huduma hiyo, kampuni za michezo ya kubahatisha zikiwa miongoni mwa wateja wao wakubwa. Biashara ya namna hiyo huelekea penye soko. Ligi kubwa za Ulaya hufuatiliwa kwa kila pasi. Ligi za mikoa, soka la wanawake katika madaraja ya chini na michezo kama netiboli hupata nafasi ndogo au hukosa kabisa.

Hapo ndipo vyama vya michezo vya Afrika Mashariki vina kazi ya kufanya. Kenya, Tanzania na Uganda zimepewa uenyeji wa pamoja wa AFCON 2027, na wageni wengi watauliza simu zao ratiba, viwanja na matokeo. Kuweka ratiba kwenye picha inayosambazwa mitandaoni, kama ilivyozoeleka, humfaa msomaji lakini humpa wakala kazi ya kukisia. Ratiba hiyohiyo ikichapishwa kama jedwali la wazi lenye tarehe, saa, uwanja, hali ya mchezo na muda wa marekebisho ya mwisho, zana yoyote itaweza kuisoma. Kazi hiyo haihitaji mitambo ya gharama kubwa. Inahitaji ofisa aliyekabidhiwa jukumu la kulihuisha jedwali, ikiwemo usiku ambao mchezo umeahirishwa.