Njia za kinga porini: ziwe za wote, ama tuziache



Ukiamka mapema hapa Manika, sauti ya kwanza baada ya jogoo ni ya kinga. Ni baba wa makala anaingia mjini. Ametoka porini usiku, baiskeli yake imebeba mifuko mirefu iliyofungwa kwa mipira ya tairi kuukuu, na yeye hakuipanda. Anaisukuma. Kwenye mteremko anaizuia kwa mwili wake wote, kandambili ndiyo breki. Akifika barabara kubwa ya Likasi, malori ya madini yanampita karibu na vumbi linamfunika. Jioni mama anawasha jiko, tunakula bukari, na hakuna anayeuliza makala yalipita njia gani.

Nimeanza na baba huyu kwa sababu nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengi watasema ni la wazungu au la matajiri: njia za baiskeli ndani ya msitu. Katika nchi nyingi, msitu unaotunzwa unachorewa njia, na kila njia inapewa rangi. Huko Scotland, kwa mfano, kijani ni njia ya mtoto na ya mtu anayejifunza, bluu ni ya mtu aliyezoea kidogo, nyekundu ni ngumu, nyeusi ni ya wale wasioogopa kuvunjika mkono. Anayefika anasoma rangi na kuchagua inayolingana na nguvu zake. Nilipoonyeshwa picha zake kwenye simu mara ya kwanza, nilicheka. Sisi hapa tunatafuta maji na moto wa umeme, na wenzetu wanachora njia za kuchezea! Lakini wazo hilo limekaa kichwani mwangu, na leo sicheki tena.

Maoni yangu ni haya. Pori linalobaki kandokando ya Kolwezi litakwisha kama watu wanaoingia humo ni wenye shoka tu. Tukilifungulia njia nzuri, na njia hizo zikiwa za kila mtu, pori litapata walinzi wengi bila mshahara. Lakini zikiwa za watu wachache wenye baiskeli za bei kali, ni afadhali tusizifungue kabisa.

Tusiende mbali kutafuta mfano. Nairobi, Kenya, kuna msitu unaoitwa Karura, zaidi ya hekta 1,000 katikati ya mji. Katika miaka ya 1990 vipande vya msitu huo viligawiwa kwa watu binafsi ili wajenge. Mama Wangari Maathai na wenzake walikwenda kupanda miti pale ili kuupinga ugawaji huo, na mwezi wa kwanza 1999 walipigwa na walinzi mpaka yeye mwenyewe akatoka damu kichwani. Miaka mitano baadaye, mwaka 2004, alipewa tuzo ya amani ya Nobel.

Wengi wanajua habari hiyo. Sehemu isiyosimuliwa sana ni ile iliyofuata. Ardhi iliokolewa, lakini raia waliendelea kuuogopa msitu. Ulikuwa mahali pa majambazi. Mwaka 2009 wakaaji wa jirani walianzisha chama cha kuutunza pamoja na idara ya misitu ya serkali. Ukazungushiwa uzio, walinzi wakawekwa, njia zikafunguliwa. Leo familia zinatembea mle, vijana wanakimbia, na asiye na baiskeli anaikodi. Msitu wenye watu kila siku ni mgumu kuuiba. Mtu akikata mti asubuhi, saa sita habari imefika.

Lakini Karura inatufundisha pia mambo mawili machungu. La kwanza, mlangoni kuna kiingilio, na kwa familia yenye watoto watano kiingilio kidogo si kidogo. La pili, mwaka 2025 chama cha raia na idara ya serkali walifikishana mahakamani juu ya nani akusanye pesa hizo. Kwa hiyo, kabla ya kuchimba mita moja ya njia, tukubaliane nani anashika sanduku.

Sasa turudi kwetu. Pori letu, hasa ukielekea ziwa la Nzilo, lina jambo zuri ambalo wengi hatulijui: miti yake mingi ikikatwa bila kung'olewa kisiki, na moto usipopita kila mwaka, huchipuka tena. Maana yake, kukata makala si lazima kuue pori. Kinachoua ni kukata kila mahali kila mwaka, kisha moto wa mwezi wa nane na wa tisa unakuja kuunguza machipukizi. Msitu unaotunzwa ni ule uliogawanywa: hapa tunakata mwaka huu, pale panapumzika miaka ishirini au zaidi, kule hakuna kukata kabisa kwa sababu kuna chemchemi. Njia za kinga ndizo mipaka ya vipande hivyo. Mtu akipita juu yake anaona kwa macho: kipande hiki kinapumzika, mbona kuna moshi?

Na nani anajua kuchora njia hizo? Si injinia kutoka mbali. Ni yule baba wa makala. Yeye anajua mlima gani unaweza kupandwa na mzigo na upi unavunja mgongo. Anajua mahali ambapo udongo mwekundu unageuka kuwa sabuni mvua inapoanza mwezi wa kumi na moja. Wajenzi wa njia duniani kote wanafuata kanuni ambayo miguu yake imekwisha kuijua: usiteremke mlima moja kwa moja, kwa sababu maji yatafuata njia yako na kuigeuza kuwa mfereji. Pita ubavuni mwa mlima, taratibu, na upande wa chini wa njia uinamishe kidogo ili maji yatoke. Na siku ya mvua kubwa, njia ifungwe hadi ikauke.

Ndiyo maana nasema baba huyo awe wa kwanza kuitwa na wa kwanza kulipwa. Mradi wowote utakaoanza kwa kumfukuza porini, mimi nitaupinga hapa hapa. Apewe njia yake ya mzigo, pana na iliyonyooka, mbali na malori. Na anayetaka kubadili kazi, afundishwe kutengeneza njia na kurekebisha baiskeli. Kazi hiyo haina vumbi la kobalti na haina shimo la kumwangukia mtu.

Neno «wote» nalichukua kwa uzito. Tunawaona ndugu zetu walemavu wanaoendesha baiskeli za magurudumu matatu kwa nguvu za mikono. Mjini wanapigana na mashimo na pikipiki. Njia ya kijani wanayoihitaji si ya gharama: iwe na upana wa kupisha magurudumu matatu, mteremko mdogo, udongo uliogandamizwa, bila mizizi wala ngazi, na mahali pa kugeukia kila baada ya umbali mfupi. Njia hiyo hiyo itamfaa nyanya mwenye fimbo, mama mwenye mtoto mgongoni, na mtoto anayejifunza kinga ya baba yake huku mguu umepitishwa chini ya bomba kwa sababu kiti hakifiki. Tukianza na njia hiyo, nyingine zitafuata. Vijana wanaotaka kuruka watapata yao nyekundu kuzunguka vichuguu vyetu vikubwa, ambavyo vingine ni virefu kuliko nyumba.

Sasa nazungumza na ninyi, familia mliohamishwa. Najua kati yenu wapo waliokimbia vita na fujo za mbali, na wapo ambao nyumba zao zilibomolewa hapa hapa Kolwezi kwa ajili ya mgodi, kama wale wa Kasulo mwaka 2017. Mtu akihamishwa hapotezi nyumba tu. Anapoteza njia zake: ya kwenda kisimani, ya kwenda kuokota uyoga na masuku, ile ambayo mtoto aliijua hata gizani. Mahali papya anakuwa mgeni, na kila pori ni la mtu mwingine.

Na sheria yenyewe haiwasaidii sana. Amri ya tarehe 2 Agosti 2014 inaruhusu jamii ya kijiji kuomba msitu wake, hadi hekta 50,000, na kuumiliki bila mwisho wa muda. Ni chombo kizuri, na nawaomba machifu wetu wakitumie mapema kabla kibali kingine cha mgodi hakijafika. Lakini msitu huo hupewa jamii yenye haki za kimila. Mliofika jana hamna haki hiyo. Basi machifu na kamati zao waandike katika kanuni za msitu, kwa herufi wazi, kwamba familia zilizohamishwa zinaingia bila kulipa, zinaokota uyoga na masuku kama wengine, na zina kiti kimoja kwenye kamati. Tusingoje hisani ya mtu, kwa sababu chifu akifariki na hisani yake hufuata kaburini.

Najua swali linalokuja: pesa? Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inailazimu kila kampuni inayochimba kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka. Kwa mauzo ya shaba na kobalti, hata sehemu ndogo hiyo ni pesa ya kweli. Sisemi njia za kinga zitangulie maji safi na hospitali. Anayekunywa maji machafu hahitaji kuambiwa habari za rangi za njia. Nasema tu kwamba njia ya udongo inajengwa kwa jembe, koleo, reki na mikono ya vijana wanaolipwa kwa siku, na ni kazi ndogo mbele ya jengo moja la ofisi tunaloliona likizinduliwa kwa utepe.

Wengine watasema: ukifungua njia, umewafungulia wezi wa miti. Hoja hiyo ni nzito, siipuuzi. Pikipiki inaweza kupita palipochongwa kwa ajili ya kinga na kutoka na mifuko kumi ya makala. Ndiyo maana kila mlango uwe na nguzo ambazo baiskeli na ile ya magurudumu matatu hupita lakini mzigo wa pikipiki haupiti, na njia zianzie kijijini, mbele ya nyumba za watu, wala si kwenye kona iliyojificha. Njia za wezi zipo tayari, ndugu zangu. Tunachokosa ni za watu wa kawaida.

Naomba jambo moja dogo kwa kuanza. Kamati zinazosimamia pesa za maendeleo, burgumesta, machifu na vyama vya walemavu wakae siku moja na wasukuma makala kumi, pamoja na wajumbe wa familia zilizohamishwa, wachukue karatasi, wachore njia moja tu ya kijani. Kilomita mbili, tatu. Waijenge kiangazi hiki kabla mvua haijarudi, kisha tuione mwaka mzima: nani anaipita, miti mingapi imesimama kandoni mwake, nani amezuiwa mlangoni.

Siku nitakapomwona yule baba akipita hapo Jumapili bila mzigo, amempakia binti yake nyuma, anamwonyesha kisiki alichokikata mwenyewe zamani na machipukizi yaliyotoka juu yake, nitajua kwamba pori hili limepata mwenyewe.

Ninyi mnaonaje? Zungumzeni nyumbani, kanisani, msikitini, kwenye kisima. Nitapita kusikiliza.