Neno "magari" linatafsirika, tuache uvivu

Jamani, hizi orodha za "maneno yasiyotafsirika" zimenichosha. Ya Kiitaliano haikosi magari. Si haya ya barabarani, ingawa matamshi yanakaribia kuwa yaleyale, hata mkazo uko palepale kwenye "ga". Hicho ni kielezi chao. Kikishatajwa tu, mahubiri yanaanza: Waitaliano ni watu wa ndoto, roho yao imo ndani ya neno hilo, sisi wengine hatuwezi kulielewa.

Si kweli. Tatizo ni kulisoma neno likiwa peke yake. Nilipoanza kujifunza Kiitaliano nililikariri kwa maana moja tu, "labda". Siku moja nikamuuliza Mwitaliano kama amepewa likizo. "Magari!" Nikamwambia avute subira, huenda wakampa. Akacheka sana. Kumbe alikuwa amesema: "Likizo? Naitoa wapi!"

Sasa tazama sentensi. Magari vengo domani: huenda nikaja kesho. Magari fosse vero: laiti ingekuwa kweli. Kitenzi kimebadilika, na maana imegeuka. Likisimama peke yake kama jibu, sauti ndiyo inayoamua kama mtu anatamani au amekwisha kukata tamaa. Hapo ndipo penye utamu wa Kiitaliano, nakubali: tumaini na shaka vinakaa kwenye neno moja. Kiswahili kimevigawa. Huenda hutazama mbele, laiti hulia na kisichokuwepo, tena kwa msaada wa -nge- na -ngali-. Kugawa si kukosa.

Na hiyo "roho ya taifa"? Magari lina asili ya Kigiriki, kwenye neno la kumwita mtu mwenye heri. Laiti yetu ni ya Kiarabu. Yote mawili ni ya kuazima, na yote mawili yamekaa mpaka yakawa wenyeji.

Nakazania jambo hili kwa sababu wanaoumia ni wasomaji. Mfasiri akiweka "labda" kila mahali, mhusika anayeomboleza maisha aliyoyakosa atasomeka kama mtu anayepanga safari ya kesho. Hadithi nzima inaharibika, halafu tunasingizia lugha.

Kwa hiyo mtu akikwambia neno fulani halitafsiriki, usishangilie. Muulize kwanza: kwenye sentensi ipi?