Kusikiliza Pia Ni Kusoma
Usimwite zuzu. Kijana wa Likoni mwenye disleksia akili anazo. Ni herufi tu zinazomchenga. Anavuka feri bure, anafika maktaba ya Msanifu Kombo. Hapo asipokewe na maandishi madogo na amri ya kunyamaza.

Na msituambie ati sheria inabana. Kenya ilijiunga na Mkataba wa Marrakesh mwaka 2017. Mkataba huo unaruhusu maktaba kumtengenezea nakala ya sauti, sawa na asiyeona, bila kumwomba mwenye hakimiliki. Basi viko wapi vitabu vya kusikiliza? Kiko wapi chumba cha kusoma kwa sauti?

Pwani hii imelea watu kwa tenzi za kusikiliza. Leo sikio limekuwa aibu tangu lini?