KETE NI ZETU SOTE, SHINDANO LIWE LA HAKI

Ukipita chini ya ule mkwaju wetu saa kumi jioni, utasikia vizibo vya soda vikigongwa juu ya ubao wa dama. Kak! Kak! Timu moja vizibo vyake vimelala kifudifudi, timu ya pili vimelala chali, na mchezo unaendelea. Mlio huo watu huufurahia, lakini mimi kila nikiusikia naona haya. Kwani vizibo vile vilitakiwa viwe vimestaafu tangu mwaka jana!

Wanachama wenzangu hawajasahau. Mwaka jana Chama chetu cha Kiswahili kilitangaza shindano la kuchora kete. Tulichanga pesa, tukamtafuta seremala hapa hapa Msambweni, tukakubaliana atuchongee kete 100 za mbao, nyingine za dama na nyingine za kuhesabia pointi. Aliyeleta wazo hili alikuwa ameona zile kete za duara zinazotumika kasino, ambazo Wazungu huziita chipsi. (Bwana mmoja wa kidato cha chini aliuliza kama zinaliwa na tomato. Hapana, ndugu yangu, hizi si za viazi!) Huko Marekani na Ulaya wako wacheza poka wanaotengenezesha kete zao wenyewe. Hushindanisha michoro, wakapiga kura, kisha mchoro ulioshinda ukapelekwa kiwandani. Tukasema, mbona sisi tusiweze?

Kwa hakika tuliweza kuanza. Tulichoshindwa ni kumaliza. Nami leo nashika kalamu kusema waziwazi kwamba hatukushindwa kwa sababu ya pesa wala kwa sababu ya fundi. Tulishindwa kwa sababu hatukutenda haki.

Hebu nikumbushe yaliyotokea. Michoro ilibandikwa kwenye ukuta wa maktaba, kila mmoja na jina la mwenyewe chini yake. Kura ikapigwa kwa kunyoosha mikono. Mchoro uliopata mikono mingi mara ya kwanza ulikuwa wa mwenzetu mmoja kutoka Makongeni. Alikuwa amechora watu wadogo wadogo walioshikana mikono kuizunguka kete, na katikati akaweka mti wa mkoko. Mara sauti ikatoka nyuma: "Hiyo ni ya Kimakonde, si ya wenyeji!" Watu wakacheka. Kura ikarudiwa, na safari hii likashinda jahazi. Jahazi lenyewe, kama tulivyokuja kujua baadaye, lilikuwa limenakiliwa kutoka kwenye fulana ya watalii. Seremala alipoliona alitikisa kichwa akasema, "Wanangu, kamba hizi nyembamba kama unywele nitazichonga na nini?" Mambo yakaishia hapo. Jahazi halikuchongwa, watu wa mkoko hawakuchongwa, nasi tukarudia vizibo vyetu.

Wahenga walinena, mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Nami sijitoi. Mara ya kwanza niliunyooshea mkono mchoro wa mkoko, mara ya pili nikaunyooshea jahazi kwa sababu mwenye jahazi alikuwa ameketi karibu yangu akinitazama. Hiyo ndiyo kura ya mikono, ndugu msomaji. Mtu hupigia kura macho ya jirani yake.

Tuanze na hilo neno "si ya wenyeji", kwa maana ndilo lililoniuma zaidi. Wamakonde walikuja pwani hii kutoka Msumbiji miaka mingi iliyopita kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa, na sifa yao ya kuchonga inajulikana dunia nzima. Mwezi wa Oktoba 2016 walifunga safari kutoka Kwale kuelekea Nairobi kudai vitambulisho, wakaonana na Rais Uhuru Kenyatta. Baadaye wakatambuliwa rasmi kuwa kabila la 43 la Kenya. Sasa, ikiwa serikali imekwisha kusema hawa ni Wakenya, sisi wa chini ya mkwaju ni nani hata tukatae mchoro wao?

Isitoshe, tuvitazame hivyo vitu tunavyoviita vyetu. Karata tunazocheza majina yake, kopa, shupaza, pao na uru, tuliyapata kwa Wareno. Keramu tunayoigombania siku za mvua ilitoka Bara Hindi. Leso za mama zetu zilizaliwa kutokana na biashara ya bahari hii, na kule Mombasa, Mtaa wa Biashara, jina la "Mali ya Abdulla" limejulikana tangu 1887, nalo ni la jamaa waliotoka Bara Hindi. Hakuna anayesema leso si ya kwetu. Imekuwa yetu kwa sababu tumeivaa, tumeitia maneno yetu, tumebebea watoto. Kete nayo itakuwa yetu kwa kuchezewa. Haitakuwa yetu kwa sababu ya kabila la aliyeichora.

Basi, je, tuache shindano? La hasha! Nasema lifanywe tena mwaka huu, lakini kwa utaratibu. Nami natoa mapendekezo yangu.

Kwanza, tuanzie kwa fundi. Mwaka jana tulichora kwanza, fundi tukamwendea mwisho. Safari hii seremala aitwe mapema, atwambie mbao gani atatumia na patasi yake inaweza nini. Kete ya kasino huwa na upana wa milimita 39 hivi, kubwa kidogo kuliko kizibo cha soda. Kila mshindani apewe karatasi yenye duara la kipimo hicho hicho, achore ndani yake, mistari minene, rangi zisizidi tatu. Mchoro unaopendeza kwenye karatasi kubwa ya ukutani waweza kuwa doa tu ukishapunguzwa.

Tena kuna jambo ambalo wengi hatukulifikiria. Kete hupangwa moja juu ya nyingine kama mnara, na zikishapangwa hivyo unaona ubavu tu. Ndiyo maana zile za kasino hutiwa mabaka ya rangi pembeni, mtu ahesabu bila kuzipangua. Kwa desturi ya Marekani nyeupe ni moja, nyekundu ni tano, kijani ni ishirini na tano, nyeusi ni mia. Ukitaka kulielewa jambo hili kwa Kiswahili, fikiria leso. Leso ina pindo, ina mji, ina jina. Kete nayo ina pindo lake, yaani ubavu. Ina mji wake, yaani picha ya katikati. Na ina jina, yaani nambari au neno. Anayechora mji peke yake akasahau pindo, huyo hajachora kete. Nami ningeongeza kwamba ubavuni tukate vijino, kimoja, viwili au vitatu, ili hata mzee ambaye macho yamepungua azijue kwa kupapasa. Wazee wanaokuja kucheza nasi jioni watashukuru.

Pili, majina yafichwe. Kila mchoro upewe nambari nyuma, na orodha ya majina ikae kwa mwalimu mlezi ndani ya bahasha iliyofungwa mpaka kura zihesabiwe. Mchoro ukiwa hauna jina, hauna kabila, hauna bweni, wala hauna rafiki aliyeketi karibu.

Tatu, kura iwe ya siri, itiwe sandukuni. Na wapige wote wanaozitumia kete: wanafunzi, walimu, mpishi wetu ambaye kwa dama hana mpinzani, mlinzi wa lango, na wazee wa jirani. Kamati iwepo, lakini kazi yake iwe mbili tu: kuhakikisha mchoro unachongeka na kuhakikisha haujanakiliwa. Kamati isigeuze mshindi. Penye wengi hapaharibiki neno, lakini wengi hao waachiwe nafasi ya kulisema.

Nne, mchoraji apewe haki yake. Kenya tuna Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, nayo huhesabu mchoro kuwa kazi ya sanaa yenye mwenyewe. Ikiwa kesho chama kitataka kuwauzia watalii wa Diani seti za kete, lazima mchoraji akubali na apate fungu lake, na hayo yaandikwe kabla ya shindano. Kumpa mtu kalamu na daftari kisha kuuza akili yake, huo si ushindi.

Wapo watakaosema, "Eh, mambo madogo haya, kete tu!" Naomba wakumbuke historia yetu. Mwaka 2004 lilifanywa shindano kubwa la kutafuta vazi la taifa la Kenya. Mavazi yakapatikana, yakaonyeshwa kwa shangwe. Leo ukienda harusini Ukunda utamwona nani kalivaa? Kitu kikibuniwa bila ya watumiaji kukipenda, hubaki picha gazetini. Tazama tena pesa zetu. Katiba ya 2010 ilikataza sura ya mtu yeyote kutiwa kwenye pesa, na mwezi wa Desemba 2018 zikatoka sarafu mpya: twiga kwenye shilingi moja, kifaru kwenye tano, simba kwenye kumi, ndovu kwenye ishirini. Hizo zikapokewa. Lakini noti za 2019, kwa kuwa picha ya jumba la KICC ilionyesha pia sanamu ya Mzee Kenyatta, zilipelekwa mahakamani. Hapo utaona kwamba watu hawaichukulii picha kuwa kitu kidogo. Kidude cha duara kikiwa mkononi mwa kila mtu, kila mtu huuliza: mimi nimo humu?

Sasa nije kwenye jambo zito, ambalo ustadhi wetu na baadhi ya walimu wamelisema, tena kwa haki. Wanasema kete za namna hii ni dada wa kamari. Sitaki kulipuuza neno hili. Kamari imeingia mpaka mifukoni mwetu, imo ndani ya simu. Sote tunawajua vijana waliopoteza pesa za karo au za bodaboda wakingojea ile ndege ya kwenye simu ipae. Mnamo Aprili 2025 serikali ilifikia kusimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30. Hili si jambo la mzaha.

Lakini tusidanganyane, marafiki. Chini ya mkwaju ule, kwa vizibo vile vile vya soda, watu wamekwisha kuwekeana dau la maandazi, nami nimeyaona kwa macho yangu. Kizibo hakikumzuia mtu kucheza kamari, na kete ya mbao haitamlazimisha. Ubaya umo katika dau. Kwa hiyo napendekeza kanuni tatu. Nambari kwenye kete iwe pointi tu, na neno shilingi lisionekane popote. Atakayeweka dau, hata la andazi nusu, afungiwe mchezo muhula mzima. Na kwa kuwa wako wenzetu ambao dini yao inawazuia karata hata bila dau, tuanze na kete za dama, ambazo hakuna aliyezilalamikia. Ustadhi na mchungaji waingie kwenye kamati. Ni afadhali watushauri sasa kuliko watulaumu baadaye.

Na wenye kuuliza tutachora nini, nawaambia tusiende mbali. Tuna mikoko ya Gazi, ambako wanakijiji kupitia mradi wa Mikoko Pamoja wameitunza tangu 2013 na kuuza hewa safi yake. Tuna mbega wa Diani na mkia wake mrefu. Tuna Kaya Kinondo, moja ya kaya za Mijikenda zilizotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Tuna pango la Shimoni, tuna ngoma ya sengenya, tuna mnazi. Na jahazi pia tunalo, sikatai. Lakini mchoraji aende pwani akalitazame lenyewe, asilitoe kwenye fulana.

Nikimalizia, naomba neno hili liwekwe katika ajenda ya mkutano wa kwanza wa chama, kabla ya habari ya chai na keki. Pesa tulizochanga zingali kwa mweka hazina. Seremala naye yupo, juzi alinisimamisha sokoni akaniuliza, "Vipi, mmeamua?" Nilikosa la kumjibu.

Na kwako wewe, mwenzetu wa Makongeni: mkono wangu uliunyooshea mchoro wako ukiwa huru, ukauacha ukiwa na woga. Niwie radhi. Tafadhali uchore tena. Safari hii hatutaliona jina lako, tutauona mkoko wako na watu wako walioshikana mikono, nao watashinda au watashindwa kwa uzuri wao.

Wasalaam.