Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Mguu wa mtoto hausubiri semina

Sumbawanga, Rukwa

Mheshimiwa Waziri,

YAH: WANAOTIBU WATOTO WETU KUFUNDISHWA MARA MOJA KISHA KUSAHAULIWA

 Nakuandikia kutoka Ufipa, kwa heshima inayoistahili ofisi yako, na kwa hasira ambayo sitaificha.

Mwanangu alizaliwa katika mkoa huu akiwa na nyayo zote mbili zimepinda kuelekea ndani, hali ambayo wengi wanaiita mguu kifundo. Mkunga aliliona tatizo asubuhi ileile na akatuandikia rufaa. Tulifika tulikoelekezwa mtoto akiwa mchanga kabisa, kitovu kikiwa hakijakauka vizuri. Plasta ilikuwepo. Pamba ilikuwepo. Chumba kilikuwepo, na mtumishi mwenye cheti na leseni alikuwepo. Kilichokosekana ni kimoja tu: mtumishi yule hakuwahi kufundishwa kunyoosha mguu wa mtoto. Leo mwanangu anatembea kwa pembe za nyayo zake, na miezi ile ambayo mifupa yake ilikuwa laini haitarudi.

Kituo sitakitaja, wala mtumishi sitamtaja, kwa sababu siandiki ili kijana yule apewe barua ya onyo. Alitupokea vizuri na alifanya alichokijua. Aliyekuwa akiijua kazi hiyo kabla yake alihamishiwa mkoa mwingine, na ujuzi ukaondoka naye. Hakupewa nafasi ya kumfundisha mwenzake hata kwa wiki moja. Aliyebaki aliachiwa chumba, ndoo na maboksi ya plasta.

Mheshimiwa, wataalamu wako wanaifahamu tiba hii. Daktari Ignacio Ponseti, mzaliwa wa Hispania aliyefanya kazi Chuo Kikuu cha Iowa nchini Marekani, alianza kuitumia mwishoni mwa miaka ya 1940. Haihitaji mashine wala umeme. Mguu wa mtoto unanyooshwa taratibu kwa mikono, unafungwa hogo la plasta kutoka vidoleni hadi juu ya paja huku goti likiwa limekunjwa, na hogo hilo linabadilishwa kila wiki. Baada ya mahogo matano au sita hivi, watoto wengi hukatwa kidogo kano ya kisigino, wanafungwa hogo la mwisho kwa wiki tatu, kisha wanavalishwa viatu maalumu vilivyounganishwa kwa fito. Viatu hivyo huvaliwa saa 23 kwa siku katika miezi mitatu ya mwanzo, halafu wakati wa kulala mpaka mtoto afikishe miaka minne au mitano. Ikifanywa sawasawa, zaidi ya watoto tisa kati ya kumi hunyooka bila upasuaji mkubwa.

Ikifanywa sawasawa. Mwanangu alifungwa mahogo mafupi, chini ya goti, nayo yakawa yanateleza. Mguu wake ulisukumwa juu kwa nguvu kabla haujanyooshwa upande, mpaka unyayo mmoja ukabenuka kwa chini. Kila wiki tulirudi, na kila wiki tuliambiwa maendeleo ni mazuri. Viatu hakuna aliyetutajia. Tulipofika kwa mtaalamu nje ya mkoa, mtoto alikuwa ameshaanza kusimama kwa kushikilia kiti. Mtaalamu alizitazama nyayo zile kwa muda mrefu, akatuambia kazi yote ianze upya, na kwamba safari hii itakuwa ngumu zaidi, kwa sababu mguu ulioharibiwa na hogo ni mkaidi kuliko mguu ambao haujaguswa. Upasuaji mkubwa, ambao mtoto mchanga asingeuhitaji, sasa unatajwa kila tunapokwenda.

Nauli imetumaliza. Msimu mmoja wa mahindi ulipita shamba letu likiwa halijapandwa. Baadhi ya jamaa walitafuta mchawi, na tulipowakatalia wakatununia. Hayo yote tutayabeba, maana shamba litalimwa tena na jamaa watapatana. Miezi ile ya mifupa laini hairudi. Hakuna bajeti ya nyongeza itakayoirudisha, wala pole ya kiongozi yeyote.

Tena fikiria, Mheshimiwa, ujuzi uliokosekana una ukubwa gani. Kati ya 2015 na 2017, Chuo Kikuu cha Oxford kwa kushirikiana na wataalamu wa Afrika kiliandaa mafunzo ya tiba hii kwa watoa huduma wa bara letu, yakajaribiwa Ethiopia, Rwanda na Kenya. Kozi yake ya msingi ni ya siku mbili. Siku mbili za darasa na mazoezi ya mikono, kisha mwalimu wa kumfuatilia mwanafunzi akiwa kazini. Malawi, jirani zetu, wamewafundisha matabibu wa mifupa, watu wasio madaktari bingwa, na wanazinyoosha nyayo za watoto. Uganda nao wamefanya hivyo. Na sisi hatuna sababu ya kusema maarifa yako mbali: hospitali ya CCBRT pale Dar es Salaam inaitoa tiba hii, na kule hospitali ya KCMC Moshi chuo cha TATCOT kinafundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi tangu 1981. Maarifa yapo ndani ya nchi. Hayajapandishwa basi la kuja Sumbawanga.

Mwanangu alipoteza miguu mizuri kwa kukosa siku mbili za mafunzo ya mtu mmoja. Niliandike tena ili lisisomwe haraka: siku mbili za mtu mmoja.

Nimeuliza kwa nini kijana yule hakupelekwa kujifunza, na majibu niliyopata ndiyo yaliyonifanya nikuandikie wewe. Zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya viko chini ya TAMISEMI. Hospitali za rufaa za mikoa ziko chini ya wizara yako. Leseni ya mtumishi inatoka kwenye Baraza la taaluma yake. Ukienda halmashauri unaambiwa mafunzo ya kitaalamu ni ya wizara. Ukiuliza upande wa wizara unaambiwa mtumishi ni wa halmashauri, ombi lipitie kwa mwajiri wake. Kwenye Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri, mafunzo kazini ndiyo yanayokatwa kwanza fedha zikipungua, maana mafunzo hayana jiwe la msingi la kuzindua. Semina zikija, wanaoitwa ni wakuu wa vitengo na waratibu. Wanarudi na makabrasha. Mkono unaoushika mguu wa mtoto unabaki palepale ulipokuwa.

Na mzigo wote unamwangukia mtumishi. Sheria ya Madaktari, Madaktari wa Meno na Wataalamu wa Afya Shirikishi ya mwaka 2017 ilikuwa hatua njema, kwa kuwa iliwatambua watu hawa na kuwaweka chini ya usimamizi. Baraza linadai alama za mafunzo endelevu ili leseni ihuishwe, na hilo nalo ni jema. Lakini mtaalamu wa fiziotherapia aliye Namanyere au Matai azipate wapi alama zinazomhusu? Mbeya ni zaidi ya kilomita 300 kutoka hapa, na Dar es Salaam ni zaidi ya 1,100. Nauli ni yake, chumba cha kulala ni chake, na siku alizoondoka hakuna wa kumshikia kazi. Kwa hiyo anasoma mada yoyote inayopatikana kwenye simu, anajibu maswali, anapata alama, leseni inahuishwa. Kwenye makaratasi ameendelezwa. Ukimwekea mguu wa mtoto mchanga mikononi, hajui kidole gumba akiweke wapi. Kunyoosha mguu hakusomwi kwenye simu peke yake. Kunafundishwa na mwenye kujua akiwa amesimama pembeni, akiushika mkono wako na kukwambia, hapana, si kisigino, bonyeza hapa.

Kwetu kuchelewa kuna uzito ambao ramani haiuonyeshi. Mama wa Bonde la Ziwa Rukwa, kutoka Muze au Mtowisa, anaupanda mwamba wa Lyamba lya Mfipa na mtoto mgongoni ndipo afike hapa juu. Mama wa Wampembe au Kirando anatoka kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, na mvua za masika zinaweza kumkatia njia. Mama huyo akishafika, akapewa hogo lisilo sahihi, hujampotezea wiki moja. Umempotezea imani ya kurudi. Wengi hawarudi. Mtoto anakua akitembelea mgongo wa unyayo, anaingia shule akichekwa, na kijiji kinasema ndivyo alivyoumbwa. Hakuumbwa abaki hivyo. Alikuwa na wiki zake za mwanzo, zikapita mikononi mwetu.

Mheshimiwa, nilianza na nyayo, lakini siwezi kuishia hapo. Ni nani Rukwa nzima aliyefundishwa kumkalisha na kumlisha mtoto mwenye mtindio wa ubongo asipaliwe? Ni nani anayempima usikivu mtoto wa mwaka mmoja kabla hajaitwa bubu? Mtoto mwenye kichwa kikubwa au mgongo wazi akirudi kutoka kwenye upasuaji Muhimbili, nani huku anajua kumfuatilia? Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta karibu nusu ya watoto wa Rukwa walio chini ya miaka mitano wamedumaa, asilimia 49.8, katika mkoa unaolisha mikoa mingine mahindi na maharage. Maafisa lishe nao ni wataalamu wa afya. Nao walifundishwa mara moja, wakapangiwa kituo, wakaachwa. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009 na kutunga sheria yake mwaka 2010. Mei 2023 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuimarisha huduma za utengamao. Maneno hayo yote yanaishia mikononi mwa kijana mmoja aliyeachiwa ndoo ya maji na boksi la plasta.

Majengo tumeyaona na tunashukuru. Mashine za CT-Scan zimefika hospitali za rufaa za mikoa, tunashukuru pia. Mashine ikinunuliwa huwekewa mkataba wa matengenezo, kwa sababu kila mtu anajua itachakaa. Ujuzi wa binadamu nao unachakaa, na hauna mkataba wa matengenezo.

Kwa hiyo naomba mambo manne, na kwa neno naomba nina maana ya kudai.

Kwanza, kila wilaya ya Rukwa, yaani Sumbawanga, Nkasi na Kalambo, iwe na watumishi wawili waliofundishwa kwa vitendo kutibu nyayo za kupinda. Wawili, ili mmoja akihamishwa mtoto asiachwe. Na asihamishwe yeyote kabla hajamkabidhi mwenzake ujuzi.

Pili, wakufunzi kutoka CCBRT, KCMC au Mbeya waje huku mara mbili kwa mwaka, wafundishe wakiwa na watoto wetu mbele yao, na baina ya ziara wapatikane kwa simu ya video siku ya kliniki. Ni nafuu kumsafirisha mwalimu mmoja kuliko kuwasafirisha watoto wa mkoa mzima.

Tatu, gharama za mafunzo endelevu ya wanaotibu watoto zitengewe fungu lenye jina lake, ambalo halmashauri haitaruhusiwa kulihamishia kwingine. Wewe na mwenzako wa TAMISEMI kaeni meza moja mwamue nani analipa, kisha mtutangazie.

Nne, Baraza lisihesabu alama tu. Liulize alama hizo zimetokana na nini, na kama anayewatibu watoto amejifunza chochote kinachowahusu watoto.

Utakaposoma bajeti yako bungeni, tutasikiliza kama Rukwa imo. Tafadhali usituambie kuwa mchakato unaendelea. Mtoto aliyezaliwa leo Ufipa na nyayo zilizopinda yuko sasa hivi katika wiki zake bora za kupona, na kila wiki ofisi mbili zinaposukumiana faili, anayelipa ni yeye. Wangu ameshalipa. Huyo wa leo bado anaweza kunyooshwa, na jukumu la kuhakikisha hilo ni lako.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mzazi, Sumbawanga

Nakala: Waziri wa Nchi, Ofisi ya Rais – TAMISEMI, Mkuu wa Mkoa wa Rukwa, Mganga Mkuu wa Mkoa wa Rukwa